Mbuzi Watatu na Vidonge vya Mniko

Kijiji cha Genkuru,
Tarime, Mara.
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Ghati,

Marahaba! Najua umeshanipa shikamoo yangu kabla hata hujafungua bahasha, maana mimi shangazi yako nilikulea mwenyewe na sikukulea vibaya. Hujambo lakini? Mwili unaendeleaje na baridi ya huko Ujerumani? Ulisema sasa hivi kwenu ni majira ya joto, lakini kwenye picha uliyotuma umevaa sweta. Joto gani hilo la kuvalia sweta? Na ule, mwanangu. Shingo imekuwa ndefu mno.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanung'unika nikipanda kilima, ila mdomo bado mzima, kama utakavyoona. Mahindi hayakuwa mengi mwaka huu, mtama ndio umetupendeza. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike, na maziwa anatoa mpaka mikono inachoka kukamua. Mdogo wako Deus bado yuko kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyangoto. Anarudi Jumamosi na vumbi hadi kwenye kope, mtoto wake anamkimbia akidhani ni mtu mwingine.

Barua hii anakuletea Method, mtoto wa katekista Benedicto, anayekuja huko kusoma mambo ya madini. Nimempa na unga wa mtama na dagaa, mkague mzigo vizuri kwa sababu huyo kijana anapenda dagaa. Utauliza, barua ya nini wakati simu ipo? Simu zako nazipenda, lakini nusu yake ni "unanisikia, nakusikia", na nusu nyingine mtoto analia. Halafu kuna jambo umeniuliza mara mbili nami nikalikwepa. Ulitaka kujua kwa nini siku ile mwezi wa tatu, ulipotuuliza swali lako, huku kukawa kimya. Ulidhani mtandao umekatika.

Haukukatika, Ghati. Leo nakueleza yote, maana wewe siku ile ulisikia sauti tu, sisi tuliona nyuso.

Lakini kwanza niache niringe, ndipo nitulie.

Unajua walivyokuwa wakikusema hapa kijijini. Jirani yetu Simioni aliposikia unasomea utando wa seli aliniuliza kama umekwenda mpaka Ulaya kusomea buibui. Wengine walisema, huyo ni daktari gani asiyechoma sindano? Miaka yote shule, hata malaria hatibu! Mimi nilikuwa nawajibu kwamba unachunguza milango ya mwilini, na magonjwa ya kurithi yanayotokea mlango ukiharibika, halafu naondoka haraka kabla hawajaniuliza swali la pili, maana la pili nilikuwa silijui.

Sasa hivi hawaniwezi. Sasa hivi wanaketi chini nawafundisha. Jumapili iliyopita katekista alikutaja kwenye matangazo, mbele ya kanisa zima, na akasema "Daktari Ghati, binti wa Genkuru". Nilivaa kitenge changu kipya, nikasimama ingawa hakuna aliyeniambia nisimame. Gulioni nako nimekuwa mtu mkubwa. Mwenye mtoto ana upele, kwangu. Mwenye jipu, kwangu. Juzi mtu kaniletea mbwa! Wote nawaelekeza zahanati, ila naanza kwa kuwatazama sana kwanza, kama mtu anayejua.

Basi sikia.

Mniko alizaliwa mzima, unakumbuka picha zake, mashavu kama mandazi. Alinyonya vizuri hadi wifi yako Neema alipopata mimba ya pili. Unajua wenzetu wanavyosema huku. Mama anayenyonyesha akipata mimba, maziwa yameharibika na mtoto anaharibika naye. Wanasema amembemenda mtoto. Na kosa siku zote ni la mama. Baba hayumo kabisa, utadhani mimba imeletwa na upepo. Kwa hiyo Mniko akaachishwa ziwa siku ile ile, akapewa maziwa ya ng'ombe na uji.

Haukupita muda, vidonda vikaanza. Kuzunguka mdomo, matakoni, kwenye ncha za vidole. Nywele zikawa nyekundu, zikakatika. Kuharisha hakuishi. Alikuwa analia kilio kile chembamba cha mtoto asiye na nguvu ya kulia. Tulidhani ni utapiamlo, tukamlisha, lakini ni kama tunamwaga chakula mchangani.

Baba yako mkubwa Nyangwine yeye hakudhani kitu. Alisema anajua. Alimwangalia mtoto mara moja tu, akasema, "Huyu amebemendwa. Nilishaona haya." Akasema na jambo jingine, kwamba hata wakati wa posa alitukataza tusirudi kwenye nyumba ile ya Manchira, sisi tukamshinda kwa sababu Deus alikuwa hasikii haambiwi kuhusu Neema. Mimi nilijua anazungumzia nini. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na hapa bomani jambo hilo lilikuwa halisemwi.

Basi akachinjwa mbuzi wa kutakasa. Mzee akanyunyiza alichonyunyiza, akasema maneno yake, tukala nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo. Na kweli, mwanangu, mtoto akapona! Vidonda vikakauka, akacheka, akadai ugali. Baba yako mkubwa alitembea hapa kijijini kifua mbele kama jogoo. Baadaye kidogo vidonda vikarudi, vibaya kuliko mwanzo. Akachinjwa mbuzi wa pili. Mtoto akapona. Vikarudi. Mbuzi wa tatu. Akapona tena, vikarudi tena. Hapo mzee akasema dhambi ya Neema ni kubwa kuliko mbuzi. Akatoa hukumu kwamba akishajifungua arudishwe kwao Manchira, ng'ombe wa mahari wadaiwe, na Mniko abaki hapa, kama atakuwa bado hai.

Hilo ndilo wewe hukuambiwa. Wakubwa walikataza, wakasema mambo ya ndani hayapelekwi Ulaya. Neema ndiye aliyekutumia zile picha za vidonda kwa simu ya Deus, na hakuandika neno lolote kwa sababu hakujua aandike nini. Nguo zake zilikuwa tayari kwenye mfuko nyuma ya mlango. Kila asubuhi alikuwa anafagia uwanja kama mgeni, taratibu, akiogopa hata kugonga ndoo. Nilikuwa namwambia, "Neema, hapa ni kwako." Anaitika, "Ndiyo, mama," huku anatazama chini.

Ndipo ukapiga. Tulikuwa tumeketi wote sebuleni, Deus akaweka simu mezani kwenye spika. Ukauliza ilianza lini. Tukasema alipoachishwa ziwa. Ukauliza, kuna wakati alipata nafuu? Baba yako mkubwa akaruka hapo hapo, akakusimulia mbuzi wake mmoja mmoja, na rangi zao. Ulimsikiliza kwa adabu, nakusifu. Halafu ukasema, "Baba mkubwa, asante. Sasa nataka wifi anijibu. Kila mbuzi alipochinjwa, mtoto alikuwa anameza nini?"

Neema alikuwa mlangoni. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu tangu ugonjwa uanze, ila kumlaumu tu. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba kila kuharisha kulipozidi alikuwa anampeleka zahanati, nesi anampa maji ya chumvi na sukari na vile vidonge vya zinki vya kuyeyusha kwenye kijiko. Ukauliza, vikiisha? Akasema vikiisha, vidonda vinarudi.

Tulisikia kiti kinaanguka huko Ujerumani. Wallahi hata mimi Mkristo niliapa. Ukapiga kelele, "Zinki! Ni zinki, si mbuzi!" Ukacheka, ukalia, sijui kipi kilianza. Nesi maskini alikuwa ametoa dawa sahihi ya kuharisha, na kwa mtoto mwingine kuharisha kungekwisha na vidonge vingekwisha, habari imekwisha. Na mzee alikuwa anachinja wakati ule ule mtoto anapougua sana, yaani wakati ule ule anapopelekwa zahanati. Mbuzi akawa anachukua sifa za kidonge!

Nilimwangalia kaka yangu Nyangwine. Alikuwa bado hajaamini, anasugua fimbo yake. Ndipo wewe, kwa sauti ile ya kazi, ukauliza, "Katika ukoo wetu kuna mtoto mwingine aliwahi kuugua hivi akiachishwa ziwa?"

Hapo ndipo kukawa kimya.

Ulisema haloo, haloo. Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote tulikuwa tunamwangalia Nyangwine. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisimama, akaacha fimbo kwenye kiti, akatoka nje bila fimbo. Tangu mguu wake uvunjike sijamwona akitembea bila fimbo. Deus akakwambia, "Mtandao, dada," akakata.

Sasa nikwambie. Zamani, mwaka ule wa vita vya Amini, baba yako mkubwa alikuwa na mke wa kwanza. Anaitwa Agustina, wa Manchira, dada mkubwa wa baba yake Neema. Walipata binti, Robi, na kijana, Wambura. Wote wawili walinawiri wakinyonya, na wote wawili waliachishwa ziwa wakaota vidonda mdomoni na matakoni, wakaharisha, wakafa. Mimi nilikuwa msichana wa shule. Ninachokumbuka ni Agustina anatoka hapa bomani na kikapu kichwani, na kaka yangu anatembea nyuma yake akimpeleka kwao kumrudisha. Alisema mbele ya wazee wa kule kwamba mwanamke huyu ameua wanangu wawili kwa kubemenda. Ng'ombe wakarudi. Agustina hakuolewa tena, nani angemuoa na habari ile? Hapa kwetu jina lake halikutajwa tena, ndiyo maana wewe hukulijua.

Lakini siku ya pili tu baada ya simu yako, kabla jua halijawa kali, mzee alimtuma Deus zahanati akaombe vidonge vya kuanzia. Kwa hiyo usimhesabu kuwa mtu mbaya. Ni mtu aliyekuwa na uhakika, na hiyo ni hatari kuliko ubaya.

Ya Mwanza, tulipompeleka Mniko hospitali kubwa, unayajua, maana ulikuwa unazungumza na daktari wa hospitali kila siku mpaka akaniuliza huyu dada yenu analala saa ngapi. Usilolijua ni jinsi alivyosema jina lako. Alipoleta majibu ya damu, kwamba zinki ya Mniko iko chini kabisa, aliwaita madaktari vijana waje kumwona mtoto, akawaambia ugonjwa huu ni nadra, wapo watakaostaafu bila kuuona, na aliyeushuku ni mtafiti Mtanzania, yuko Ujerumani. Nikasema kwa sauti, "Ni mwanangu!" Wakageuka wote. Nikaongeza, "Wa Genkuru." Kama kuna dhambi ya majivuno, siku ile niliitenda yote, na sitaki kuitubu.

Kisha dawa ikaanza kwa kipimo chake. Kuharisha kulikoma kwanza. Vidonda vikafuata, vikakauka vikabanduka kama ganda la kiazi, chini yake ngozi laini. Nywele zikaota nyeusi. Sasa Mniko anafukuza kuku, anawapiga watoto wa Simioni, na ameniuma mkono. Neema alipojifungua mwezi wa tano, salama, mtoto wa kike, hakuna aliyetaja Manchira wala ng'ombe. Mtoto tumemwita Ghati. Usijifanye kushangaa. Ananyonya vizuri, na kama ulivyotuelekeza tunamwangalia kila siku mdomo na vidole, na hakuna atakayemwachisha ziwa kabla daktari hajasema.

Nije kwenye siku ya majibu ya damu iliyopelekwa kwenye maabara yenu, maana hapo napo kuna jambo hukuliona.

Ulitueleza vizuri hata mimi nikaelewa. Ulisema kila seli ni kama boma na utando wake ndio ua. Zinki haiwezi kuruka ua, inapita kwenye lango lake. Maelekezo ya kutengeneza lango tunarithi mara mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na moja zima linatosha. Deus ana moja zima na moja bovu. Neema vivyo hivyo. Kwa hiyo wao wazima, hawajui kitu. Mniko akapata bovu la huku na bovu la kule, na lango lake linatoka limepinda, linaachwa stoo, halifiki kwenye ua. Maziwa ya mama ni mapole, zinki yake inapenya kwa urahisi, ndiyo maana alikuwa mzima akinyonya. Vidonge vinaleta zinki nyingi hadi kiasi kinapita kwenye vichochoro. Ukasema mmetengeneza lango la Mniko kwenye seli ndani ya kisahani, mkaliona kwa macho limekwama ndani. Mwanangu! Kitu kilichomtesa mtoto wetu, ambacho sisi tulikuwa tunakitafuta kwenye tabia ya mama yake, wewe umekiona kwenye kisahani.

Ndipo baba yako mkubwa akaisogelea simu. Akauliza, "Hilo bovu la Deus limetoka wapi?" Ukasema, "Kwa baba au kwa mama, baba mkubwa. Kama ni kwa baba, yeye alilipata kwa babu au kwa bibi." Akauliza, "Kwa hiyo na mimi naweza kuwa nalo?" Ukamjibu kwa furaha, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mzuri, "Ndiyo, na wewe pia!" Akauliza tena, "Na kubemenda?" Ukasema, "Baba mkubwa, hakuna kitu kama hicho. Mama hahusiki zaidi ya baba. Ni nusu kwa nusu."

Ulidhani anauliza habari za Mniko.

Alisubiri mpaka ulipoaga. Halafu akaniambia, "Bernadetha, kesho tunakwenda Manchira. Mwambie Neema amvalishe mtoto vizuri."

Tulikwenda mimi, yeye, Neema na Mniko, na Ghati mdogo mgongoni kwa mama yake. Alitaka tuswage mtamba, eti asiende mikono mitupu. Nikamwambia, kaka, ulikwenda kule mara ya kwanza kwa maneno, nenda na maneno. Ng'ombe atafuata akihitajika. Akanuna njia nzima, lakini mtamba akabaki.

Manchira bwawa limejaa mwaka huu, mashamba ya kando yake ni ya kijani, ila tembo wameyala mahindi vibaya na watu wanalinda kwa madebe. Baba yake Neema alitupokea kwa heshima lakini kwa wasiwasi, akidhani tumekuja kumrudisha binti. Agustina alikuwa nyuma ya nyumba anaanika muhogo. Amekuwa mzee, mwembamba, amenyooka kama mti. Watoto wa pale wanamwita shangazi, na majirani wanamwita Agustina tu, jina kavu, mwanamke wa umri ule.

Nyangwine hakukubali kuketi. Akaomba waitwe watu wa nyumba ile, na wazee wawili wa jirani. Walipokusanyika akavua kofia. Maneno yake nayakumbuka, akasema, "Nilisimama hapa nikasema Agustina ameua wanangu. Nilisema mbele ya watu, nasema mbele ya watu. Hakuwaua. Ulikuwa ugonjwa, na nusu yake ilitoka kwangu. Mtoto wa mdogo wangu ameupima akauona. Nilimfukuza mama aliyekuwa anafiwa." Kisha kaka yangu, Ghati, mtu aliyezika wazazi bila chozi, akalia mbele ya watoto wadogo.

Agustina alifuta mikono yake kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakumwangalia. Akamwambia Neema, "Nipe huyo." Akampakata Mniko, akamfungua nguo, akamkagua mdomo, akamgeuza akamkagua matako, akashika vidole vyake akivipitia vyote. Ngozi safi. Mniko kwa bahati hakuuma mtu. Akasema, "Robi alianzia hapa," akigusa kona ya mdomo. "Wambura alianzia kwenye vidole." Hiyo ndiyo mara ya kwanza nasikia majina yale yakitamkwa na mtu mwingine asiyekuwa mimi kichwani mwangu.

Halafu akaniuliza mimi, maana ananijua tangu nikiwa msichana, "Bernadetha, hivyo vidonge, enzi zile vilikuwepo?"

Nilimjibu sijui, na ni kweli sijui. Wewe utakuwa unajua. Kama jibu ni kwamba popote duniani vilikuwepo, mwanangu, kaa nalo huko huko. Usiniandikie.

Alikaa sana na mtoto mapajani. Mwisho akamwagiza mke wa mdogo wake alete maji ya kunawa, akasema wageni wale. Kwa Nyangwine alisema neno moja tu, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na sisi hatukumwomba aharakishe. Lakini alimwekea sahani yake.

Tulipoinuka kuondoka, kaka yangu alimwendea kumuaga. Akasema, "Mama Robi, ubaki kwa amani." Mwanangu, wewe uko mbali, lakini hujasahau mwanamke wa kwetu anaitwaje akishazaa. Agustina alizaa mara mbili na alikuwa haitwi. Aliuweka chini muhogo aliokuwa nao mkononi. Kisha akaitika, "Haya."

Ndiyo barua yangu. Uliniambia mwezi ujao utasimama mbele ya wasomi wa nchi nyingi kueleza lango hili, na unaogopa. Unaogopa nini? Umeshaeleza mbele ya Nyangwine na fimbo yake! Waambie kila kitu cha kisahani. Haya mengine ni yetu, wao hawatakuwa na mashine ya kuyapima. Lakini ukiwa umesimama pale, kumbuka kuna mwanamke kule Manchira ambaye kazi yako imemnyoosha mgongo, na kuna mwingine hapa Genkuru anayefagia uwanja wake kwa nguvu, anagonga ndoo, anamgombeza Deus mpaka majirani wanasikia. Juzi nilimkuta ameutoa ule mfuko nyuma ya mlango, anaufanya wa kubebea mkaa. Nakuonea fahari mpaka kifua kinauma, na wazazi wako huko waliko nadhani wamechoka kunisikia nikiwaeleza.

Mungu aliyekupa akili asikunyime na usingizi. Akulinde barabarani, akulinde na baridi, akurudishe ukiwa umenenepa.

Deus na Neema wanakusalimu sana, na Mniko amebusu karatasi hii, doa unaloliona hapo juu ni uji wake. Ghati mdogo anakusalimu kwa kulia. Simioni anakusalimu na anaomba radhi ya buibui. Baba yako mkubwa anakusalimu, amesema ukija utachinjiwa mbuzi, wa kula tu.

Na kutoka Manchira, anakusalimu Mama Robi. Ukimwandikia, tumia jina hilo hilo. Analiitikia.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika,

Bernadetha